Piezo1, TRPV4, TRPM7 au hERG: chaneli ipi ikufae kuchunguza mshiko na utandaaji wa seli?

Kila mwaka, msimu wa mapendekezo ya utafiti unapowadia, mwanafunzi mmoja au wawili wa uzamili hunijia na swali lile lile: ikiwa mtu anataka kuchunguza nafasi ya chaneli za ayoni, yaani vitundu vya protini vinavyopitisha chembe zenye chaji kwenye utando wa seli, katika kushikamana na kutandaa kwa seli, na maabara yake iko Kisumu, Maseno, Kakamega au Njoro hapa Kenya, aanze na chaneli ipi? Nimeona ni heri niziweke nne ubavu kwa ubavu, ili anayechagua aone anachopata na anachopoteza kabla hajatumia shilingi ya kwanza kuagiza kemikali. Nimechagua Piezo1, TRPV4, TRPM7 na hERG kwa sababu kila moja imeonyeshwa kwa majaribio kuwa inagusa integrini, zile protini ambazo seli huzitumia kujishikiza, na kwa sababu kila moja inadai vifaa tofauti na nyenzake.

Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa mradi wa kwanza, katika maabara yenye hadubini ya mwangaza lakini isiyo na mtambo wa kupima umeme wa seli, ningechagua TRPV4. Piezo1 ina maana kubwa zaidi kwa watu wa eneo hili, lakini ni vigumu zaidi kuithibitisha. Mwenye mtambo wa umeme aitazame hERG. TRPM7 ningemshauri mwanafunzi aiache mpaka awe amebobea katika kunyamazisha jeni, yaani kuizuia isitengeneze protini yake.

Kinachotazamwa chini ya hadubini

Seli ya ukuta wa mshipa wa damu, ikishang'olewa kwenye chupa kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini zinazoishikiza, huwa duara kama punje ya mtama. Idondoshe juu ya kijikioo kilichopakwa faibronektini, protini ambayo seli huishika mwilini, uiweke penye joto la mwili, kisha uitazame. Dakika chache za kwanza inaelea na kutulia. Halafu ukingo wake unatoa pindo jembamba linalosonga mbele, likarudi, likasonga tena upande mwingine, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Pale pindo linapopata mahali pa kushika, linabaki. Baada ya nusu saa au saa nzima seli huwa imelala bapa kama chapati iliyosukumwa, kiini kikiwa kimeinuka kidogo katikati, na ukiipaka faloidini yenye rangi, ambayo hunata kwenye aktini, unaona nyuzi za aktini, protini inayoipa seli umbo, zimekazwa kutoka ukingo hadi ukingo kama kamba za hema.

Mshiko wenyewe hufanywa na integrini. Kila integrini ina vipande viwili, alfa na beta, na kwa binadamu miungano 24 inajulikana. Nje ya seli inashika faibronektini, laminini au kolajeni. Ndani inaungana na talini na vinkulini, protini za kuunganisha, na kupitia hizo inaungana na aktini. Palipo na mkusanyiko wa integrini nyingi hufanyika kituo cha mshiko, nacho ndicho tunachokipiga picha na kukihesabu.

Chaneli za ayoni zinaingia hapa kwa njia kadhaa. Nje ya seli kuna kalsiamu ya zaidi ya milimola 1 kwa lita, ilhali ndani, seli ikiwa imetulia, kuna takriban nanomola 100, yaani pungufu mara elfu kumi. Kwa hiyo chaneli moja ikifunguka kwa muda mfupi sana, kalsiamu hupanda ghafla karibu na mdomo wake, na hiyo inatosha kuamsha vimeng'enya vinavyokaza miosini, protini inayovuta nyuzi za aktini, au vinavyokata talini na kuachisha mshiko. Chaneli za potasiamu hufanya kazi kwa njia nyingine: hubadilisha volti ya utando, na pengine hukaa bega kwa bega na integrini zikawa sehemu ya mkusanyiko wake.

Kuna jambo ambalo nasisitiza kila mara, kwa sababu mapendekezo mengi huangukia hapo. Uhusiano huu una pande mbili. Integrini inaweza kuifungua chaneli, na chaneli inaweza kuibadilisha integrini iwe na nguvu zaidi au pungufu. Hayo ni maswali mawili yanayohitaji majaribio mawili tofauti, na kichwa cha mradi kinachosema tu kwamba mtu atachunguza "uhusiano" hakijachagua lolote kati yake.

hERG: ushahidi mzuri, vifaa adimu

Wengi huifahamu hERG kupitia moyo, kwa kuwa ndiyo chaneli ya potasiamu inayosaidia pigo la moyo kumalizika kwa wakati. Dawa nyingi huiziba bila kukusudiwa, zikiwemo dawa kadhaa za malaria kama halofantrini na klorokwini, na ndiyo maana kila dawa mpya hupimwa dhidi yake.

Katika mshiko wa seli, hERG ina historia ndefu kuliko nyenzake tatu. Mnamo 1993 kundi la Italia, ambamo Annarosa Arcangeli na Andrea Becchetti wameendelea na kazi hiyo kwa miongo kadhaa, lilionyesha kwamba seli za saratani ya neva zikishika laminini au faibronektini, chaneli za potasiamu huamka na volti ya utando hushuka zaidi upande wa hasi. Mwaka 2005 ikaonyeshwa kwamba hERG na integrini ya beta 1 hukaa katika mkusanyiko mmoja, na mwaka 2017 kwamba umbo la chaneli ikiwa imefungwa ndilo linalopendelea muungano huo. Hili la mwisho ni la ajabu na la kupendeza, kwa maana linasema chaneli inaweza kufanya kazi ya mshiko hata bila kupitisha ayoni.

Tatizo ni kuipima. Potasiamu haionekani kwa rangi kama kalsiamu. Unahitaji mtambo wa kubana utando kwa pipeti ya kioo, ile mbinu ambayo Erwin Neher na Bert Sakmann waliianzisha mwaka 1976 na kutuzwa Nobel mwaka 1991. Inataka meza isiyotikisika, umeme usioyumba, na mkono uliofanya mazoezi kwa miezi mingi. Ikiwa unayo ruhusa ya kutumia mtambo kama huo, hata kwa kusafiri hadi Nairobi kila baada ya wiki mbili, hERG ni chaguo la heshima. Ikiwa huna, usiipange kwa matumaini.

TRPM7: majibu yanayopingana

TRPM7 ni chaneli na kimeng'enya kwa pamoja. Upande mmoja hupitisha magnesiamu, kalsiamu na zinki. Mkia wake ulio ndani ya seli huweka fosfati juu ya protini nyingine, ikiwemo miosini. Mwaka 2006 zilitoka kazi mbili. Moja ilionyesha kwamba katika seli za HEK, zilizotokana na figo ya binadamu, TRPM7 ikizidi, seli huwa duara na kuachia mshiko, kwa kupitia kalpeini, kimeng'enya kinachokata protini za vituo vya mshiko. Nyingine ilionyesha kwamba katika seli za aina ya neva, kuamka kwa TRPM7 kunailegeza miosini na kuifanya seli itandae na kushika zaidi. Siamini kwamba mojawapo ilikosea. Aina ya seli ni tofauti, kiasi cha chaneli ni tofauti, na mikono miwili ya protini hii inaweza kuvuta pande tofauti.

Kwa mwanafunzi mwenye miaka miwili, hali hiyo ni mtego, na chini yake kuna mtego mwingine. Ili kuichunguza TRPM7, mtu hushawishika kubadilisha magnesiamu kwenye maji ya jaribio. Lakini integrini zenyewe hazishiki bila magnesiamu au manganizi, na kalsiamu ikizidi katika sehemu fulani huzidhoofisha. Ukipunguza magnesiamu na seli zikaachia, hujui umeigusa chaneli au umeigusa integrini moja kwa moja. Nimeona mwaka mzima wa kazi ukisimama juu ya swali hilo moja, na mwanafunzi hakuwa mvivu hata kidogo. Hakuna aliyemwonya mapema.

Piezo1 na TRPV4: hapa ndipo uchaguzi ulipo

Chaneli hizi mbili zinafanana kiasi cha kuchanganywa. Zote hupitisha kalsiamu, zote ziko kwa wingi katika seli za ukuta wa mshipa wa damu, na zote huitikia nguvu ya kuvutwa au kusukumwa.

Piezo1 iligunduliwa mwaka 2010 na kundi la Ardem Patapoutian, lililoanza na seli za panya zilizotoa umeme kila zilipochokozwa kwa ncha ya kioo, kisha likanyamazisha jeni moja baada ya nyingine mpaka umeme ukazimika. Mwaka 2021 Patapoutian alishiriki Nobel na David Julius. Protini hii ni kubwa mno, zaidi ya asidi amino 2,500 kwa kila kipande, na vipande vitatu hukaa pamoja kama mapanga ya feni yaliyozama ndani ya utando. Utando ukivutwa, mapanga hulala bapa na tundu la katikati hufunguka. Inaitikia nguvu moja kwa moja, bila kuhitaji mjumbe.

Kwa upande wa mshiko, mwaka huo huo wa 2010, Piezo1 ikiitwa bado Fam38A, ilionyeshwa kwamba ikinyamazishwa, integrini ya beta 1 hupoteza nguvu ya kushika. Baadaye imeonekana ikikusanyika kwenye vituo vya mshiko na kuruhusu kalsiamu kuingia kwa vimulimuli vidogo pale miosini inapovuta. Lakini tahadhari: katika seli za ngozi, kuiamsha Piezo1 kulichelewesha kufungika kwa kidonda, na kuiondoa kukaharakisha. Mshiko wenye nguvu na mwendo wa haraka ni vitu viwili, na mara nyingi hupingana.

Kinachoifanya Piezo1 ivutie mioyo ya watafiti wa Magharibi mwa Kenya ni malaria. Kuna badiliko la jeni hii, E756del, ambalo mwaka 2018 liliripotiwa kwa takriban theluthi moja ya watu wenye asili ya Afrika, na ambalo huifanya chembe nyekundu ya damu ipoteze maji kiasi. Utafiti wa Gabon uliliona likiambatana na kinga dhidi ya malaria kali. Utafiti mkubwa wa Ghana haukuliona hivyo. Mtu anayeishi kando ya Ziwa Victoria, mahali ambapo kila familia ina hadithi ya mtoto aliyelazwa, hawezi kusoma hayo bila kuguswa, nami naguswa. Hata hivyo, chembe nyekundu haitandai wala haina vituo vya mshiko. Chembe yenye vimelea inaponasa kwenye ukuta wa mshipa hutumia protini ya kimelea, PfEMP1, wala haitumii integrini zake. Ukiandika mradi juu ya Piezo1 katika utandaaji, chunguza seli za ukuta wa mshipa, na usiuegemeze juu ya E756del kana kwamba ni jambo moja.

TRPV4 ina sifa ndogo kuliko hiyo, ila ina zana bora. Ilielezwa mwaka 2000 kama chaneli inayoitikia maji yenye chumvi pungufu, seli inapovimba. Mwaka 2010 kundi la Donald Ingber lilizivuta integrini za beta 1 kwa shanga ndogo za sumaku na kuona kalsiamu ikiingia kupitia TRPV4 ndani ya milisekunde 4. Hakuna mfululizo wa vimeng'enya unaoweza kuwahi hivyo. Kwa hiyo nguvu ilipita kutoka kwenye integrini hadi kwenye chaneli kama mvuto unavyopita kwenye kamba. Mwaka mmoja kabla, kundi hilo lilionyesha kwamba seli za mishipa midogo zikinyooshwa na kulegezwa kwa zamu hujipanga upya kuelekea upande mmoja, na kwamba bila TRPV4 hujipanga vibaya.

Sasa zana. Piezo1 ina kichocheo, Yoda1, kilichopatikana mwaka 2015, lakini hakiyeyuki vizuri majini, na dozi unayodhani umeweka huenda imebaki chini ya kijichupa. Kizuizi chake kinachotumika sana, GsMTx4, ni sumu ya buibui inayofanya kazi kwa kuingia kwenye utando, na huzigusa chaneli nyingine zinazoitikia mvuto. Anayetaka kusema "ni Piezo1" lazima anyamazishe jeni. Kemikali peke yake haitoshi. TRPV4 ina kichocheo GSK1016790A na kizuizi HC-067047, vyote vikifanya kazi kwa kiwango cha nanomola. Kichocheo kitumie kwa muda mfupi, kwa maana kalsiamu ikimiminika kwa saa nzima seli hufa na utaona zikiachia kwa sababu isiyo yako. Kizuizi nacho usikipandishe hovyo: kikikaribia nusu maikromola huanza kuziba hERG pia, na chaneli nyingine iitwayo TRPM8. Aliyetumia maikromola 10 akaona seli zimeshindwa kutandaa hajathibitisha lolote juu ya TRPV4, na pengine ameigusa hERG, ambayo ina uhusiano wake na integrini kama nilivyoeleza.

Joto la Kisumu

Hili sijaliona likiandikwa kwa ajili ya watu wa huku, nami nililipata kwa gharama. TRPV4 huamka kwa joto la wastani, kuanzia takriban nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi kutegemea seli na maandalizi. Majarida yanaposema jaribio lilifanywa "kwa joto la chumba", humaanisha chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Alasiri ya Februari mjini Kisumu, ndani ya chumba ambacho kipoza hewa kimezimika pamoja na umeme, kipimajoto husoma 30.

Kwa wiki kadhaa nilipata matokeo mawili kutoka kwa seli zile zile. Sahani za asubuhi, nilizoziacha mezani kwa dakika 10 kabla ya kuzitia kwenye inkubeta, zilitandaa taratibu. Za alasiri zilianza na kalsiamu iliyo juu, na kichocheo hakikuongeza kitu. Nilibadilisha seramu. Nilibadilisha faibronektini. Mwishowe mhudumu wa maabara, mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo, akaniambia, "Daktari, hizi za mchana unaziweka karibu na dirisha la jua." Nikatia kipimajoto chembamba ndani ya sahani yenyewe, na namba ikajieleza. Tangu hapo sahani ya maji yenye kipimajoto hukaa kando ya hadubini, na joto huandikwa kwenye daftari kila baada ya dakika 5.

Anayefanya kazi Nakuru au Njoro, palipo juu zaidi na baridi zaidi, ana nafuu hapa, lakini naye ajihadhari na kinyume chake: asubuhi ya Julai chumba kinaweza kuwa baridi kiasi kwamba TRPV4 imelala fofofo na utandaaji wenyewe umezorota. Piezo1 haina tabia hii ya kuamshwa na joto la chumba, na kwa mtu asiyeweza kudhibiti joto kabisa, hoja hiyo peke yake inaweza kugeuza uchaguzi.

Jinsi ya kupima bila mtambo mkubwa

Kwa TRPV4 na Piezo1, rangi ya Fluo-4 inatosha kuonyesha kalsiamu ikipanda. Hung'aa kijani na hutumia vichujio vya kawaida vya hadubini ya mwangaza. Fura-2 ni bora kwa kuwa hulinganisha mwanga wa nanomita 340 na 380, hivyo unene wa seli haudanganyi, na seli inayotandaa hubadilika unene kila dakika. Lakini inataka taa na vichujio ambavyo maabara nyingi hazina. Ukitumia Fluo-4, kumbuka kwamba seli iliyotandaa huonekana hafifu hata kama kalsiamu haijashuka.

Eneo la seli pima kwenye picha za seli zilizogandishwa kwa paraformaldehidi ya asilimia 4 katika dakika ya 15, 30 na 60. Programu ya ImageJ ni ya bure na inatosha. Vijikioo vitatu vya ulinganisho visikosekane: cha faibronektini, cha poli-laisini ambacho seli hukinata kwa chaji bila kuhitaji integrini, na cha albumini, protini ya damu, ambacho hazipaswi kukishika kabisa. Ikiwa kizuizi kinapunguza utandaaji kwenye faibronektini na hakigusi kitu kwenye poli-laisini, una hoja kwamba njia ya integrini inahusika. Ikiwa kinapunguza kote, huenda umeidhuru seli tu.

Seli zenyewe zinapatikana karibu kuliko watu wanavyodhani. Seli za ukuta wa mshipa wa kiungamwana zimekuwa zikitolewa kwa kolajenasi, kimeng'enya kinachokata kolajeni, tangu miaka ya 1970, nazo zina TRPV4 na Piezo1 zote mbili. Zinahitaji kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya mama kwa lugha anayoielewa vizuri, iwe Kiswahili, Dholuo au Kiluhya, tena iombwe kabla ya uchungu kuanza. Usizitumie baada ya kuzigawa mara tano au sita, maana hubadilika tabia. Hifadhi vichupa vya kila mama kando, vikiwa na namba bila jina, kwa sababu mwanafunzi anayemaliza TRPV4 na kutaka kuhamia Piezo1 atazihitaji seli zile zile kutoka kwa mama wale wale ili alinganishe chaneli mbili bila kulinganisha watu wawili.